Pointi Ishirini na Sita za Kupe

Karakana ya Mabomba,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi.
14 Machi

Mpendwa mpwa wangu Kupe,

Hujambo, mwanangu? Goti la kushoto linaendeleaje, na baridi ya huko imekuachia vidole? Sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika kila nikiingia chini ya sinki, lakini nimeshauzoea. Bibi yako ni mzima, ila tangu mwaka jana macho yamegoma kusoma gazeti, na hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

Kwanza ile simu ya Jumapili. Uliniambia timu imekupa mkataba wa miaka miwili zaidi, na unatakiwa ujibu kabla mwezi haujaisha. Nami badala ya kukupongeza nikakwambia ukatae, urudi tufanye kazi ya mabomba pamoja kabla hujaaibika. Ukasema, "Sawa, Mjomba." Hiyo sawa yako imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nielewe. Mimi nakufuata kwenye gazeti tu. Kila Jumanne kuna lile jedwali la ligi yenu ya mpira wa kikapu, na mbele ya jina lako naona pointi mbili. Wiki inayofuata sifuri. Halafu tatu, nikajinunulia soda. Halafu sifuri tena. Miaka sita ya namna hiyo, nikawa najiuliza hao watu wanamweka wa nini. Fundi akija kwako mara tatu asizibe hata tundu moja, utamwita mara ya nne?

Bibi yako naye kila Jumanne lazima aulize Kupe kafunga ngapi. Nikaona sifuri itamuumiza, nikasema kumi na mbili. Uongo ukishauanza unataka kulishwa. Wiki iliyopita ulifika ishirini na mbili. Ameshatangaza kliniki nzima ya presha. Muuguzi anataka picha yako.

Sasa sikia. Alhamisi mchana nilikwenda kuziba bomba kwa kinyozi, yule mwenye kipara. Runinga yake ilikuwa inarudia mechi yenu na timu ya yule nyota mrefu, anayefunga thelathini kila akiingia uwanjani. Nikakaa na spana yangu mkononi, nikakutafuta. Mpira uko huku, wewe uko kule. Nikamwambia kinyozi, unaona, hata mpira hawampi. Akazima mashine yake, akaniambia niachane na mpira, nimtazame Kupe peke yake.

Basi nikakaza macho. Mpwa wangu, ulikuwa unafanya nini pale? Nyota akienda kushoto, umeshafika. Akigeuka, kifua chako kipo. Akiomba mpira, mkono wako uko katikati. Nikakumbuka kwa nini nilikupa jina hilo: ulikuwa unaning'ang'ania suruali kazini mpaka nashindwa kupanda ngazi. Robo ya tatu yule bwana akaacha kuomba mpira kabisa, akasimama pembeni mikono kiunoni kama mtu aliyeachwa na basi. Kinyozi akapiga makofi. Mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, naye akapiga. Nami nikapiga, sijui kwa lipi. Watu wazima watatu tunashangilia jambo ambalo halikutokea! Mechi ikaisha, mmeshinda, na wewe una sifuri yako.

Nilirudi nyumbani kichwa kinavuma. Nikaona simdanganyi tena mama yangu. Nikamwambia yote, zile kumi na mbili, zile ishirini na mbili, na kwamba safari hii, pamoja na kumkaba nyota mechi nzima, ni sifuri tupu. Nikasubiri anirushie kandambili. Akaendelea kukunja shuka zake.

"Na huyo aliyekuwa anakabwa na Kupe, kafunga ngapi?"

Nikasema nne.

"Siku zote hufunga ngapi?"

Nikasema thelathini.

"Basi ishirini na sita ni za Kupe," akasema. "Mwaka mzima unadhani unamwongezea mtoto, kumbe unampunja."

Siku ya tatu leo nayatafuna maneno hayo na bado hayajashuka. Mtu anamilikije pointi ambazo hazikufungwa? Zinakaa wapi? Nimemuuliza kinyozi, akacheka tu. Lakini nikafikiria kazi yangu mwenyewe. Miaka thelathini naziba mabomba, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunipigia simu kuniambia, fundi, leo hapajavuja. Naomba usinicheke, nililia kidogo kwenye ngazi.

Kwa hiyo neno langu la Jumapili nalifuta. Najua wewe ni mtoto mwenye adabu, lakini katika hili usiniheshimu. Kama roho yako inautaka huo mkataba, tia saini. Na kama umeshaukataa kwa ajili yangu, rudi kwa kocha leo hii, mwambie mjomba wako alikuwa anasoma jedwali upande usiofaa.

Mke wangu anakusalimu, watoto wetu pacha pia, na kinyozi anasema ukija anakunyoa bure. Bibi anasema kula. Jumanne hii nitamsomea kwanza aliyekabwa, halafu wewe, na hesabu atafanya mwenyewe.

Mungu akukinge mbele na nyuma, na goti lako alishike yeye.

Wako akupendaye, hata pale asipoelewa,

Mjomba wako,
Fundi Bomba