Heedho Iliyokataa Kufunguka Siku ya Wapendanao

KAMATI YA UTAMADUNI YA WAKAZI WA GALBET, GARISSA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumatatu tarehe 16 Februari 2026 katika hoteli ya Bi. Siham, kuanzia saa kumi jioni, baada ya swala ya Alasiri.

WALIOHUDHURIA
Mzee Billow – Mwenyekiti
Bi. Rahmo – Katibu
Bi. Siham – Mjumbe, na mwenye hoteli
Sista Mutheu – Mjumbe, muuguzi
Bw. Guled – Mjumbe, mwakilishi wa vijana

WALIOALIKWA
Bw. Hamse – Bwana harusi
Bi. Khadijo wa Hagadera – Mama mdogo wa bibi harusi

ALIYEKUJA BILA KUALIKWA
Bi. Idman – Bibi harusi. Alikuja na begi lake la nguo.

WASIOHUDHURIA
Bw. Isse – Kwa udhuru, yuko Rhamu kwa msiba.
Bw. Nunow – Bila udhuru. Alionekana akipita nje ya hoteli mara mbili.

KUMB. NA. 1/2/2026: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua. Alieleza kwamba Ramadhani imefika mlangoni, na kwamba kijana aliyeoa juzi hawezi kuachwa afuturu peke yake kwa makosa ya kamati. Aliwakumbusha wajumbe kwamba yeye aliipinga sherehe ya tarehe 14 tangu mwanzo. Bi. Siham aliomba iandikwe kwamba Mwenyekiti ameshalikumbusha hilo katika kila kikao tangu Januari. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/2/2026: TAARIFA YA SHEREHE

Katibu alisoma taarifa ya sherehe ili wageni wajue jambo lilikoanzia.

Vijana walitaka kuadhimisha Siku ya Wapendanao kwa maua na nguo nyekundu. Wazee walikataa. Kamati ikaafikiana kwamba siku hiyo iwepo, lakini iwe ya mapenzi ya watu waliooana, na kila jamii ionyeshe namna inavyoyaenzi. Mwenyekiti peke yake hakuafiki, na siku ya sherehe alikaa nyumbani.

Jukwaani siku hiyo, Sista Mutheu alieleza kwamba kwao Machakos siku hizi mume huleta waridi. Mwaka wa kwanza alipohamishiwa Garissa, mumewe alimtumia maua kwa basi kutoka Nairobi, yakafika yamelala. Tangu hapo mume huagiza tikiti maji kutoka mashamba ya mto Tana, na yeye Sista hajawahi kulalamika. Bi. Siham, aliyesoma Japani, alisema huko wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti tarehe 14 Februari, na wanaume hulipa fadhila mwezi Machi tarehe kama hiyo. Mzee mmoja aliuliza mwanamume asipolipa inakuwaje. Bi. Siham alijibu kwamba Februari inayofuata hapati.

Mpaka hapo watu walicheka na chai ya maziwa ya ngamia ilinyweka vizuri.

Kisha ikaletwa heedho. Hiki ni chombo cha nyirinyiri, yaani nyama iliyokaushwa na kukaangwa, na tende, ambacho jamaa za bibi harusi hukivika nguo, wakakizungushia kamba zenye mafundo ya kufichana, kama mwari aliyepambwa. Siku ya saba ya ndoa, upande wa bwana harusi hukifungua kwa mikono mbele ya watu. Wakishindwa, ni aibu, na wenye binti wanaweza kumrudisha kwao mpaka kifunguke. Desturi hii ni ya kwao Idman, ambao asili yao ni kaskazini ya mbali. Kwao Hamse, wafugaji wa Wajir, haijulikani. Siku ya saba ya ndoa yao iliangukia tarehe 14, na Bw. Guled ndiye aliyependekeza kwamba heedho yao ifunguliwe jukwaani ili watu wajifunze.

Jamaa za Hamse walidhani ni maonyesho tu. Walivutavuta kamba huku wakipiga picha. Fundo halikulegea. Ndipo Bw. Guled akatoa kisu mfukoni.

Bi. Khadijo alimshika Bi. Idman mkono, wakatoka ukumbini, na chombo wakakiacha.

KUMB. NA. 3/2/2026: MAELEZO YA BW. GULED

Bw. Guled alipotakiwa kujieleza alisema: "Mi niliona imekwama, watu wanaboeka, nikasema nisaidie. Sikujua ni noma hivyo. Na sikukata, kisu ilikuwa bado juu."

Katibu alimuuliza kisu kingefanya nini huko juu kama si kushuka. Mwenyekiti alimwagiza Katibu asiandike swali hilo. Katibu anaandika kwamba aliagizwa.

KUMB. NA. 4/2/2026: MALALAMIKO YA BW. HAMSE

Bw. Hamse alieleza kwamba yeye hakuolea kamati. Alisema tangu Jumamosi mke wake yuko kwa jamaa zake upande wa pili wa Galbet, simu haishiki, na amesikia kwamba kesho asubuhi anachukuliwa kwenda Hagadera. "Mimi sijui hiyo mambo ya kamba," alisema. "Kwetu tunafunga ngamia na kamba moja tu. Lakini bibi yangu nataka. Mniambie nifanye nini nifanye."

Sista Mutheu alimsogezea chai.

Bi. Khadijo alijibu: "Mimi sikuiba bibi ya mtu. Mimi nilirudisha mtoto yangu. Ile heedho nimefunga na mkono yangu siku mbili, nikisema hawa watu watakaa chini, watatafuta pole pole, watajua huyu msichana ana thamani. Wao nacheka, napiga picha, halafu kisu. Mtu anaharakisha hivyo na kamba, na mtoto yangu atafanya aje siku amekasirika?"

Mwenyekiti alisema kwamba hayo ndiyo aliyoyahofia. Bi. Siham alimwambia kwamba aliyoyahofia yeye yalikuwa maua mekundu.

Bw. Guled alisimama akaenda mbele ya Bi. Khadijo, akasema: "Habaryar, mama mdogo, nisamehe. Hamse hakunituma. Ni mimi na haraka yangu." Bi. Khadijo alisema amemsamehe, lakini kamba hazijui kusamehe. Zifunguliwe kwa mkono wa bwana harusi mwenyewe, hapa hapa, na asisaidiwe na mtu.

KUMB. NA. 5/2/2026: KUFUNGULIWA KWA HEEDHO

Chombo kilitolewa jikoni kwa Bi. Siham, kilikohifadhiwa, kikawekwa juu ya mkeka. Bw. Hamse alivua saa, akaketi.

Alishika kamba nyekundu ya pembeni. Bi. Idman, aliyekuwa ameketi nyuma ya mama yake mdogo bila kusema neno tangu kikao kianze, alikohoa.

Bw. Hamse aliiacha kamba hiyo akashika nyeupe. Bi. Idman hakukohoa. Fundo lililegea.

Alishika iliyo chini yake. Bi. Idman alikohoa mara mbili. Aliiacha upesi.

Mwenyekiti aliuliza kama bibi harusi ana mafua. Sista Mutheu alisema kwamba kwa utaalamu wake ni vumbi la msimu, na kwamba kikohozi cha namna hiyo hakina dawa, kinaachwa kiishe chenyewe. Mwenyekiti alisema nje hakuna vumbi. Sista Mutheu alimwomba Mwenyekiti aongoze kikao.

Kazi iliendelea pole pole. Bw. Hamse alikuwa akitokwa na jasho hadi kwenye kidevu. Katibu anakiri kwamba kwa kitambo hakuandika kitu, kwa sababu na yeye alikuwa amebana pumzi. Penye fundo la mwisho, lililofichwa chini ya ushungi wa chombo, Bw. Hamse alikwama kabisa. Aligusa kushoto, akasikia kikohozi. Akagusa kulia, akasikia kikohozi. Akainua mikono, akamtazama mkewe, akasema kwa Kisomali, na Katibu anatafsiri: "Hata ikiwa ni mpaka Idi, nitakaa hapa."

Bi. Khadijo ndiye aliyekohoa safari hii, akatazama chini ya kitako cha chombo.

Bw. Hamse alikiinua, akaikuta ncha ya kamba huko chini, akaivuta. Nguo zote zilianguka kwa pamoja.

Bi. Siham alipiga vigelegele ndani ya hoteli yake mwenyewe na hakuna aliyempinga. Bw. Guled alilia na kusema ni moshi wa jikoni. Mwenyekiti alisema alhamdulillahi mara nyingi kuliko Katibu alivyoweza kuhesabu.

Katibu alimuuliza Bi. Khadijo kama hakusikia kikohozi cha bibi harusi. Alijibu: "Masikio yangu ni mzima. Mimi nilitaka kujua kama mtoto anataka kurudi. Sasa najua."

KUMB. NA. 6/2/2026: MENGINEYO

Nyirinyiri ililiwa. Ilikuwa tamu.

Iliazimiwa kwamba sherehe iwepo tena mwakani, na kwamba hakuna desturi ya mtu itakayopandishwa jukwaani kabla wenyewe hawajaulizwa inafanywaje. Bw. Guled aliagizwa kuacha kisu nyumbani. Mwenyekiti alisema haafiki wala hapingi. Kisha alimsogelea Sista Mutheu na kumuuliza kwa sauti ya chini yale matikiti huagizwa kwa nani. Mwenyekiti alimwagiza Katibu asiandike hilo.

KUMB. NA. 7/2/2026: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa kwa dua saa kumi na mbili na robo jioni, ili watu wawahi Magharibi. Bw. Hamse na Bi. Idman waliondoka mapema kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Begi la nguo lilibebwa na Bw. Hamse. Kikohozi kilikuwa kimepona.

Mwenyekiti: Billow (sahihi)          Tarehe: 16/2/2026

Katibu: Rahmo (sahihi)          Tarehe: 16/2/2026