Rika la Maziwa

Jumanne jioni

Eti "serikali iliingia, ikaanguka, funga mada." Mwalimu wa taaluma alikuja kukagua kipindi changu cha historia leo, akaninong'oneza hivyo mbele ya wanafunzi. Miaka yote hii nafundisha hapa sekondari ya Ganako, leo naharakishwa kama mpishi wa lodge ya watalii!

Na nilikuwa nimeeleza vizuri. Rais wa Chile, msoshalisti, alichaguliwa kwa kura. Akataifisha migodi ya shaba, akaagiza watoto wapewe maziwa bure. Miaka mitatu tu, wanajeshi wakampindua.

Naserian, binti wa wafugaji wa Oloipiri, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwetu kiongozi wa rika anakamatwa ghafla na wenzake, anakabidhiwa rungu la uongozi hata kama analia. Baada ya hapo ukimgusa, umeligusa rika zima. Huyu rais, rika lake lilikuwa wapi?"

Mkaguzi wangu akatazama saa.

Naserian akajijibu mwenyewe. "Labda ni wale watoto wa maziwa. Walikuwa bado wadogo."

Darasa likacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua kitabu kabla hata ya kuvua viatu. Miaka kumi na tano baada ya mapinduzi, jenerali aliyempindua aliitisha kura ya kuamua kama aendelee kutawala, akiamini atashinda. Watoto wale walikuwa wameshakua. Walipiga kura, naye akashindwa.

Ripoti ya ukaguzi inanitia wasiwasi kidogo, sikatai. Lakini aandike tu kwamba sikumaliza mada. Hata watoto wa maziwa walikuwa hawajamaliza, serikali ile ilipoanguka.