Aya ya Nne

Mabatini, Mwanza
11 Agosti, 1996

Kwa dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Lakini nisikose adabu: hujambo huko Tabora? Masomo ya uuguzi yanaendeleaje? Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakusalimu, ingawa siku hizi hasalimii watu wengi.

Ulisikia kwamba aliacha kazi ya kukata minofu ya sangara katika kile kiwanda kikubwa. Kiwanda kipya kilimwita awe msimamizi wa wakataji, akaingia Jumatatu. Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amerudi, buti mkononi. Bwana Chenge wa ofisini alimwambia tu kwamba kiwanda cha zamani kimeandika barua juu yake, hivyo hana kazi pale. Amezunguka viwanda vingine vyote, anajibiwa vilevile. Miaka tisa amejua kisu tu, dada. Sasa anasema muhula ukiisha niache shule, tukauze mihogo.

Ameamua kwamba Mama Nurdin, waliyekata minofu naye meza moja, ndiye aliyemsingizia wizi. Juzi bombani alimwuliza mbele ya watu kama na ulimi wake huwa anaunoa kiwandani. Mama Nurdin akajibu kwamba msimamizi wa siku tatu asimpigie kelele. Watu wakacheka. Mama alirudi na ndoo tupu.

Dada, si Mama Nurdin. Ni mimi. Siku ya kuacha kazi Mama alipewa karatasi ya Kiingereza atie saini. Aliomba aje nayo nyumbani kwanza, akijisifu kwa wenzake kwamba ana msomi wake. Nilisoma vizuri hadi aya ya nne, hapo sikuelewa kitu. Mama alinitazama kama watu wanavyomtazama padri akisoma Injili, nikaona haya kusema sijui. Nikamwambia ni maneno ya kuagana tu. Akaweka dole gumba.

Wiki iliyopita nilimwonyesha Mwalimu Josephat nakala yetu. Alinieleza kwamba aya ile inamkataza Mama kufanya kazi katika kiwanda chochote cha samaki kando ya ziwa kwa miaka miwili. Akashangaa mkata minofu ana siri gani ya kufungiwa hivyo. Nilikwenda nyuma ya madarasa, nikalia.

Barua hii niliishia hapo asubuhi; sasa ni jioni. Baada ya misa nilimwambia Mama kwamba nakwenda kwa Mama Nurdin, naye akanifuata kwa hasira. Nikiwa nimesimama mlangoni niliwasomea karatasi yote kwa Kiswahili, aya ya nne mara mbili. Kisha nikasema kwamba siku ile sikuielewa, nikamdanganya Mama. Mama alimwomba mwenzake radhi. Mimi hajanisemesha mpaka sasa. Nimepika, nimemwekea chakula, nimekaa kumalizia barua hii.

Tuombee, dada, na uwasalimu wote unaoishi nao.

Mdogo wako,
Modesta