Shimo la Fundi Melkiori

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Kikohozi cha Mama kimeanza kabla ya adhana, kama kawaida. Kwa mama mkwe wangu saa ya kengele haihitajiki. Anakoka kuni, anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Mimi kitandani nasikiliza tu, nasubiri apumue.

Kuni zenyewe mbichi. Tangu watu wa kambi ya wakimbizi wawe wengi, na sisi wenyewe tulivyokata bila haya, kuni kavu zinatoka mbali. Mbichi ndiyo moshi.

Daktari alimwambia wazi wiki iliyopita: moshi wa mwaka mwingine kifua hiki hakitauhimili. Mama akaitikia kwa adabu. Akarudi nyumbani, akakoka moto.

Nyumba mpya njia ya Simbo imeshaezekwa. Jiko ni chumba kitupu. Hatujaamua tutapikia nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Ugomvi na Hamisi. Mume wangu ni karani wa bandarini, anaamini kila kitu kinachokuja kwa treni. Anataka mtungi wa gesi. Nikamuuliza, treni ikikwama tule nini, ratiba? Umeme anajua mwenyewe, leo upo, kesho unasikia jirani anashangilia umerudi. Jiko la mkaa Mama atalala nalo chumbani, limuue, namjua.

Mimi nataka gesi ya samadi. Niliiona Tabora nikiwa chuo cha ualimu. Shimo ardhini, kinyesi na maji ndani, bomba mpaka jikoni. Moto wa bluu, sufuria haina masizi. Ng'ombe tunao watatu.

Hamisi amecheka mpaka akakaa chini. Eti nataka kumpikia kwa mavi. Ndiyo. Nataka.

Jumatano, 13 Agosti

Hamisi kakubali. Mama kakataa. Najisi haipiki chakula cha mtu anayeswali, basi. Amenigeuzia mgongo akaendelea kupara samaki.

Nimekwenda kwa mwalimu wa madrasa. Amefikiri, kisha akasema chakula hakigusani na samadi, kinagusana na moto. Nimerudi mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama akasema sawa, lakini choo cha watu kisiunganishwe humo. Ng'ombe tu. Nikakubali kabla hajabadilisha neno.

Jumatatu, 18 Agosti

Fundi amepatikana. Melkiori, Mrundi. Anakaa Simbo miaka mingi, analima na kujenga. Kazi hii alijifunza kwao kabla hajakimbia. Mwembamba, hasemi sana. Anatembea na kijiti chenye alama alizokata kwa kisu, ndiyo rula yake.

Ameizunguka nyumba mara mbili, akachoma kijiti upande wa kaskazini. Mteremko mzuri, karibu na zizi, karibu na jiko. Nikasema chimba.

Mama alimpita bila kumtazama. Yeye akasema "Amahoro, Mama," salamu ya kwao. Akajibiwa kwa Kiha, lugha ya Mama iliyo ndugu na Kirundi, kwa shingo upande, lakini akajibiwa. Saa moja baadaye wanaongea kama wametoka kijiji kimoja. Mimi Mnyamwezi nimebaki natoa macho.

Jumamosi, 30 Agosti

Shimo linanitisha. Fundi akisimama ndani haonekani. Anapandisha matofali kwa duara, juu yanajifunga yenyewe kama chungu kilichofunikwa. Anapiga lipu ndani kwa kuchutama, tunamsikia akipiga mluzi chini ya ardhi.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimemwambia hivyo Hamisi alipouliza kwa nini tusingenunua mtungi.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumehamia. Shimo tumelijaza kwa siku nne. Kinyesi cha ng'ombe wetu hakikutosha, tumeomba kwa majirani wote. Wamecheka, wametoa.

Fundi amenieleza utunzaji leo jioni. Kila siku ndoo za samadi na ndoo za maji, sawa kwa sawa, koroga ndani ya beseni la zege alilojenga mdomoni mwa shimo, achia yashuke. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Wiki tatu gesi itakuja. Ya kwanza tusiwashe, tuiachie hewani.

Kwa sasa Mama anapika kwa kuni nje, upepo wa ziwani unamrudishia moshi usoni. Wiki tatu tu, Mama.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama ameipenda nyumba. Chumba chake cha kuswalia kina hewa. Nilidhani atalichukia lile beseni, kumbe ndiye analitunza. Analisugua mpaka linang'aa, hakuna nzi hata mmoja. Nimemsifu mbele ya wageni. Nimemletea kutoka sokoni sabuni ya unga na dawa ya kuoshea choo, ile inayogeuka maziwa ikiingia kwenye maji. Amefurahi kweli.

Jumapili, 5 Oktoba

Wiki tatu zimeisha jana. Nimefungua koki. Hakuna kitu. Hata pumzi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Hakuna kitu.

Melkiori amekuja, amepaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba kutafuta panapovuja. Hapavuji. Amenusa tope linalotokea upande wa pili wa shimo, akakunja uso. Ameniuliza tunaingiza nini humo. Nikamjibu unadhani nini, biriani? Akasema tusubiri.

Mama jana amekohoa mpaka akatapika. Kwenye kitambaa palikuwa na damu kidogo. Amekificha chini ya godoro. Nimekiona.

Naogopa. Ninapoogopa nakuwa mkali, ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Askari wamepita Simbo wakitangaza. Warundi wote wanaoishi nje ya kambi waende kambini. Magari yatakuja. Mjini watu wana maneno ya kila aina. Wengine waliokula nao miaka yote leo wanasema afadhali.

Jumanne, 14 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa.

Melkiori alikuja saa za mchana, nimetoka shule, njaa, jua. Mama alikuwa ameegemea ukuta, midomo ina rangi ya majivu. Melkiori aliomba barua. Barua ya mwalimu kwamba yeye ni fundi, ana kazi hapa haijaisha. Labda akiwaonyesha watamwacha avune mihogo yake kwanza.

Nikamwambia kazi gani? Onyesha kazi. Nikafungua koki mbele yake. Kimya. Nikamwambia umetudanganya, umetujengea kaburi la matofali, mama wa watu anakufa kwa moshi kwa sababu yako. Nikasema mkimbizi ni mkimbizi tu, leo yupo, kesho kakimbia na jasho la watu.

Alichukua kofia yake. Mama aliinuka ukutani, akafungua mdomo, kikohozi kikamshika. Alipomaliza fundi alishavuka barabara.

Sikuandika barua. Nilikuwa na kalamu mfukoni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Lori limepita asubuhi tukiwa mstarini shuleni. Watoto wanaimba, mimi nimeangalia barabara. Watu wamesimama nyuma, magodoro, masufuria, kuku. Nilimwona. Yeye hakuangalia shule.

Nimefundisha hesabu za sehemu. Sijui nimefundisha nini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nimerudi mapema, Ijumaa. Nimemkuta Mama kabla ya adhuhuri ameinama kwenye beseni. Anamwaga sabuni ya unga. Anasugua. Anamwaga dawa ya choo, anasuuza kwa ndoo nzima. Maji meupe yote yakaenda shimoni, glo glo glo.

Nikauliza Mama, unafanya hivi kila siku? Akanishangaa. Kila swala, mwanangu. Mara tano.

Kisha akanieleza, polepole, kama mimi ndiye mtoto. Beseni lipo kaskazini. Dirisha lake lipo kaskazini. Kibla ipo kaskazini. Atasujudu vipi ameelekea samadi? Basi analisafisha kwanza. Hakutaka kulalamika, maana nyumba ni ya mwanawe na nilishajitahidi sana.

Fundi Mkatoliki aliangalia mteremko. Mimi Mwislamu nilisema chimba.

Na nimekumbuka. Mungu wangu, nimekumbuka vizuri. Jioni ile ya madaftari alisema: "Mwalimu, sabuni isiingie, hata kidogo, dawa ndiyo kabisa. Humo ndani mna uhai, utaua." Nikasema ndiyo, ndiyo. Mimi ninayewasimamisha watoto kwa mguu mmoja kwa kutosikiliza.

Sabuni niliinunua mimi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mama hajala tangu jana. Anasema amemwonea mtoto wa watu. Nimemwambia ni mimi. Anasema siku ile alitaka kusema fundi ni mwaminifu, pumzi ikamwishia. Tumekaa wote wawili tunalia kwenye ngazi kama wajinga.

Hamisi anasema barua ya mwalimu isingezuia lori. Labda. Sitajua.

Maji yakimwagika hayazoleki. Shimo lakini linazoleka. Tumeanza kulizoa.

Jumapili, 26 Oktoba

Tumetoa tope lote, ndoo kwa ndoo, likamwagwa mbali. Hamisi kachubuka mikono na hajacheka hata mara moja. Tumejaza upya. Majirani wametoa tena, safari hii bila kuuliza.

Mama amehamisha mkeka wake. Anaswalia sebuleni, ambako kati yake na shimo kuna kuta mbili. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Beseni amelifunikia bati, hagusi. Sabuni nimeifungia kabatini, ufunguo ninao.

Mvua zimeanza. Kuni zimelowa. Kifua ni kibaya sana. Usiku namweka aegemee mito mitatu.

Jumamosi, 15 Novemba

Koki imepiga mluzi. Nimeiachia hewani kama alivyosema. Inanuka yai bovu. Sijawahi kufurahia harufu mbaya namna hii.

Jumanne, 18 Novemba

Tumewasha. Bluu.

Mama amepika ugali na samaki wa Katonga, migebuka. Amekula wa kwanza, kwa bismillahi ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda kambini. Kibali cha kuingia nimekisotea tangu Oktoba. Mama alinipa kikapu cha dagaa, akaniambia nisirudi nacho.

Wamemwita akaja mpaka kwenye kamba inayozuia wageni. Amekonda zaidi. Kofia ileile. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kwa aya, kama insha. Yakapotea. Nikasema kosa lilikuwa sabuni, na sabuni ilikuwa yangu, na yale niliyosema nisamehe. Nikampa barua. Nimeiandika na kuipiga mhuri wa shule: fundi huyu amejenga kwangu, kazi yake ni safi, naomba aruhusiwe kuja kuikagua. Niliona aibu kuitoa, imechelewa mwezi mzima.

Aliisoma yote. Akaikunja, akaiweka ndani ya kofia. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Moto una rangi gani?"

"Bluu."

"Ya njano hamna? Hata ncha?"

"Hamna."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema haya, Mama asalimiwe. Akachukua kikapu, akarudi kwenye mahema. Hakusema amenisamehe. Sikuwa na haki ya kumwuliza.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeamka na nyumba ipo kimya. Adhana imeshapita. Hakuna kikohozi. Nikajua amekufa. Nimekimbia bila viatu, nimejigonga mlangoni.

Yupo jikoni. Kakaa kwenye kibao mbele ya moto wa bluu, uji unatokota, mikono kaiweka magotini. Pembeni kijiti cha Melkiori, amekiokota kule shimoni, amekiosha.

Akaniambia nipunguze sauti ya miguu, watu wamelala. Nikakaa chini karibu yake. Tukanywa uji.