Mwezi wa Kujaribu Kustaafu

Jumamosi, 1 Juni

Tumeanza. Mwezi mzima wa kuishi kana kwamba nimeshastaafu! Wazo la mume wangu. Mshahara wangu wa jana ameutia kwenye bahasha, ameifunga kwa gundi, ameiweka juu ya kabati. Haiguswi. Tutakula, tutaoga na tutapanda basi kwa mshahara wake peke yake, wa kuhesabu magunia ghalani. Tukifika mwisho wa mwezi bila kukopa, nijaze fomu ya kustaafu mapema kwa hiari. Tukishindwa, niendelee na kiwanda mpaka sitini. Akanyoosha mkono tupeane kama wafanyabiashara. Nikampa, nikacheka.

Yeye anadhani ni mchezo wa hesabu. Mimi nina miaka hamsini na miwili, na hiyo minane sina.

Niandike wazi, hapa hasomi mtu. Presha ya macho. Daktari alisema Machi: hula pembeni kwanza, katikati baadaye. Kilichoondoka hakirudi. Matone yanachelewesha tu. Ninachokitazama nakiona vizuri — kilicho kando yake hakipo. Na kazi yangu ni kukata sare za shule kwa kisu cha umeme!

Kiwandani siwezi kusema. Fomu ya hiari ni ya wazima tu. Mgonjwa hupelekwa kwa nesi, nesi humpeleka kwenye kamati, na waliopelekwa kwenye kamati mwaka juzi bado wanangoja senti yao. Anajua Chaki peke yake, mwenzangu wa meza ya kukatia, na Chaki ni kaburi.

Nyumbani pia siwezi. Mume wangu hana kifua. Ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri fundi viatu analijua. Atamwambia kitinda mimba wetu, na yule binti ataacha chuo cha uuguzi mwaka wa mwisho, aje kunishika mkono. Ng'o!

Fomu mwisho wake Ijumaa tarehe 28, saa kumi alasiri. Kwa hiyo jaribio hili litafaulu. Hata kwa kudanganya.

Jumatano, 5 Juni

Sukari nusu. Gazeti hakuna. Pasi mara moja kwa wiki, na shati lake la ghalani halipigwi kabisa. Sabuni ya kufulia nimeikata vipande kama dawa.

Mume wangu kaniuliza kama hela ya chakula cha mchana inanitosha. Nikasema inatosha na inabaki. Siitumii. Nairudisha kwenye kopo la matumizi akiwa bafuni. Saa saba leo tumbo lilinguruma mpaka Chaki akazima mashine kusikiliza. Akanisogezea nusu ya mkate wake. Nikamwambia tumbo limevurugika. Akasema limevurugika kwa kukosa kazi, kula.

Nikala. Lakini kesho sili.

Jumamosi, 8 Juni

Mume wangu kaenda kikao cha wafanyakazi wa ghala. Tangu lini ghala lina vikao vya Jumamosi? Karudi jioni amechoka hoi, hata viatu kavua kwa miguu. Vikao vinachosha, anasema. Wanaume! Wanachoka kwa kukaa.

Jumanne, 11 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu.

Mikono ya kushoto themanini.

Tulitandaza matabaka arobaini ya kile kitambaa cha zambarau cha sekondari. Kina uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia. Chote kinalala uso juu. Ukichora mkono wa kushoto, lazima ukigeuze kigezo, ile kadi ya umbo la mkono, ndipo uchore wa kulia. Hilo nimelifanya miaka ishirini na tisa, hata nikiwa na mimba, hata na homa. Leo nilichora upande huu wa meza, nikasogea, nikachora upande ule. Sikukigeuza. Zamani jicho lingeona michoro yote miwili kwa pamoja na kupiga kelele. Leo niliona mmoja, kisha mwingine. Kila mmoja peke yake ulikuwa mzuri.

Nikawasha kisu. Nikakata. Vizuri sana! Kingo safi kama karatasi.

Chaki ndiye aliyefunga vitita. Akashika kimoja, akashika cha pili, akaviweka kifuani, akanitazama. Akaniuliza kwa upole kama kuna shule ya watoto wenye mikono miwili ya kushoto.

Nilicheka. Kisha nikalia nyuma ya majora, kama msichana wa wiki ya kwanza.

Saa ya chakula tukaificha dhambi. Vitita vya pili tumevikata upya viwe mikono ya kulia ya watoto wa kidato cha kwanza, na mikono ya kulia ya wakubwa tukaikata kutoka jora jipya ambalo halikuandikiwa kazi hii. Jora zima karibu limekwenda. Kule stoo kwenye karatasi bado lipo.

Ukiharibu kitambaa hapa unafukuzwa. Kiinua mgongo hupati. Pensheni hupati mpaka sitini. Mkataji wa meza ya pili alitoka hivyo, na mkasi wake mkononi.

Ijumaa, 14 Juni

Kengele, msimamizi wetu, kapita mara tatu na daftari la stoo. Tunamwita Kengele kwa sababu huanza kusikika kabla hajafika. Leo alikuja kimya. Sikumwona. Alikuwa kando yangu — amesimama hapo kwa muda gani? Aliniuliza mbona simwitikii salamu siku hizi, nimeanza kujisikia. Nikasema kelele za mashine, bwana, tusameheane.

Ataniona nina kiburi. Heri kiburi.

Jumapili, 16 Juni

Nusu ya mwezi na kopo halijaisha! Sielewi. Nilipiga hesabu yangu ya siri: hata kwa hela ya chakula ninayorudisha, sukari ilipaswa kwisha Alhamisi. Ipo. Mafuta ya kupikia yapo. Labda tulikuwa wafujaji miaka yote hii bila kujua.

Mume wangu kikaoni tena. Jumapili!

Kitinda mimba kapiga simu. Wiki hii wamefundishwa kusafisha vidonda vya wazee. Anacheka kama mtu aliyeokota almasi. Nikamwuliza macho yake mwenyewe yanapumzika? Akasema mama, una maswali.

Jumatano, 19 Juni

Leo nusura nimkate Chaki vidole.

Alikuwa ananishikia kitambaa kisiteleze. Mkono wake wa kulia ulikuwa pale. Kwangu mimi haukuwapo. Nilizungusha kisu kwenye kona ya kola, nikasikia anaguta. Nikazima. Ncha ya kucha yake ilikuwa imekatika, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kucha tu.

Tulibaki tumeshikana mikono juu ya meza, kisu katikati yetu. Nikavihesabu vidole vyake kimoja kimoja. Ana wajukuu watatu wanaokula kwa vidole hivyo. Akasema, bibi wewe, ondoka hapa kabla hujaniomba msamaha wa kweli. Hakuwa anatania.

Kuanzia leo nachora tu, yeye anakata. Anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja, na mimi nasimama na chaki kama mwalimu wa chekechea. Naogopa. Naogopa kila kitu chenye makali na kila kitu chenye miguu.

Jumapili, 23 Juni

Mume wangu kamwaga kopo la matumizi mezani. Hatujakopa, na zimebaki hela za wiki nzima. Tumeweza! Akapiga meza. Akasema mwanamke wewe umekwisha kustaafu, lililobaki ni wino. Nikamkumbatia kwa nguvu — akaguta na kushika kiuno. Kalala vibaya, anasema.

Nikaijaza fomu palepale. Akaweka sahihi yake kwenye mstari wa mume. Mchumia juani hulia kivulini. Nimechuma vya kutosha, sasa nataka kivuli. Nusu pensheni kila mwezi, kiinua mgongo kidogo cha kumalizia ada ya binti, na mshahara wa baba yake. Tutapita. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimelala mchana, na ndoto sikuota.

Jumanne, 25 Juni

Kengele katangaza: Jumatatu tarehe mosi, stoo yote inahesabiwa, jora kwa jora, mita kwa mita.

Chaki kaninong'oneza nipeleke fomu na nisigeuke nyuma. Akiulizwa atasema ni panya. Nikamwambia panya gani anakula mita sitini. Akasema panya wa sekondari.

Meneja hayupo mpaka Alhamisi jioni, na muhuri ni wake. Kwa hiyo ni Ijumaa. Ijumaa au basi!

Alhamisi, 27 Juni

Jana jioni wapakiaji wawili walimleta mume wangu kwenye mkokoteni. Amelala chali, meno ameyauma.

Hapakuwa na vikao. Kila Jumamosi na Jumapili, na wiki hii hata jioni, alikuwa anapakia magunia kwenye malori sokoni. Miaka hamsini na minane! Mtu wa kalamu na daftari! Jana gunia lilimteleza, akajitia kulidaka. Daktari kasema asiiname, asinyanyue, wala asikae muda mrefu. Mpaka lini? Daktari kakunja midomo. Ghala linampa wiki mbili, baada ya hapo watatafuta mtu. Hakuumia kwao, wanasema. Na ni kweli.

Nilimgombeza. Nilimgombeza mpaka jirani akafunga dirisha. Kwa nini? Jaribio lilikuwa lako! Hesabu ilikuwa yako! Kwa nini ulijidanganya mwenyewe?

Akangoja nimalize. Kisha akasema polepole, akitazama dari: peleka hiyo fomu kesho. Macho hayo si ya kwenda na kisu.

Nikakaa sakafuni.

Anajua tangu Aprili. Aliniona nikimimina chai nje ya kikombe. Aliniona nikigonga mlango uleule, bega lilelile. Ndiyo maana kikombe siku hizi nakikuta mbele ya pua yangu, na viatu havipo tena njiani. Mimi nilidhani amejifunza usafi uzeeni! Aliona kwamba nikishindwa jaribio nitarudi kwenye kisu kwa ukaidi, kwa hiyo akahakikisha sishindwi. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema alingoja nimwambie mwenyewe. Hajamwambia hata fundi viatu.

Nikamwambia nami kuhusu chakula cha mchana. Akafumba macho. Kumbe kopo lilijaa kwa njaa yangu na mgongo wake. Jaribio gani hilo? Hatujui kama tunaweza. Hatujawahi kujua. Tunachojua ni kwamba baada ya wiki mbili nyumba hii haitakuwa na mshahara hata mmoja.

Kiinua mgongo — na mgongo wenyewe umelala kitandani, hauinuki.

Nibaki kazini? Jumatatu wanahesabu stoo. Na hata wasingehesabu, vidole vya Chaki je? Lisilobudi hutendwa. Nusu pensheni ni nusu ya kitu.

Binti hajaambiwa. Safari hii tumekubaliana wote wawili kunyamaza, na ni mara ya kwanza tunanyamaza pamoja.

Ijumaa, 28 Juni

Benchi, nje ya ofisi ya utumishi. Saa tisa na dakika arobaini. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Niliingia saa tisa na nusu. Karani ni mama wa makamo, mpole, miwani kwenye kamba. Alinisomea fomu kwa sauti. Ninaondoka kwa hiari yangu, nikiwa na afya kamili. Akauliza kama ni kweli. Kweli, nikasema. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilihitaji hatua moja tu!

Akanionyesha mstari wa sahihi. Niliuona vizuri. Nikauliza kalamu. Akasema hiyo hapo. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia, nikaangusha chai yake juu ya mafaili. Nikaomba radhi, nikapapasa tena. Mama, iko kando ya mkono wako, akasema. Kando gani? Niliuliza hivyo. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Kisha akaichukua ile kalamu akaniwekea vidoleni, kidole kwa kidole, kama anavyofundishwa mtoto. Nikasaini. Sahihi ilikaa juu ya mstari wake, miaka ishirini na tisa ya mistari iliyonyooka.

Nilimwambia karani kwamba mume wangu ameumia. Nikamwambia kwamba binti yuko mwaka wa mwisho chuoni. Sijui kwa nini nilimwambia. Akafuta chai kwa leso yake, hakunitazama. Akainuka na fomu mkononi, akasema ningoje kwenye benchi, anarudi sasa hivi.

Ukitoka mlango huu, kulia ni kwa meneja, kwenye muhuri. Kushoto ni chumba cha nesi.

Nilikuwa natazama mbele. Sikuona amepinda upande gani.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Viatu vinarudi. Ni vya watu wawili.