Mapafu ya Mtoto wa Zaina

Jumatano. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, hata ua wa jirani siuoni. Kifua kinabana.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeficha ninachokijua kuhusu kifo cha mtoto wa Zaina. Naandika leo, mkono ungali unanitii.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua zahanati, niliacha kazi ya umma nikafungua yangu hapa Lushoto. Baadaye nikanunua mashine ya utrasaundi iliyotumika, yenye kuonyesha damu kwa rangi. Nilikuwa nimesomea kupima mtiririko wa damu kwenye mapafu ya mtoto aliye tumboni. Nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Zaina aliletwa na mama mkwe wake, Bi Mwanaidi. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na maji ya uzazi yalikuwa yakivuja tangu mimba ikiwa ya miezi mitano. Maji yakipungua mapema hivyo, mapafu ya mtoto huweza kudumaa. Damu ikipita kwa shida kwenye mshipa wa mapafu, ni dalili mbaya.

"Hee, daktari, runinga hii inaona mpaka pumzi?" Bi Mwanaidi aliuliza.

"Inaona, mama."

"Basi tuangalizie kama atakuwa mvivu kama baba yake."

Tulicheka.  Zaina, mbele ya mkwe, alinitazama tu.

Niliandika namba za mtiririko, na kwamba damu inapita vizuri. Kwa karatasi hiyo hawakuteremka Tanga kwa madaktari bingwa. Wiki mbili baadaye alijifungua kwangu. Mtoto wa kiume. Alihangaika kuvuta pumzi, akafariki kabla ya adhuhuri.

Bi Mwanaidi alitaka sababu. Nikasema, labda mizigo. Zaina alikuwa akibeba majani ya ng'ombe kila siku, kama wanawake wote wa huku.

Neno moja tu.

Mwaka haukuisha, wakwe wakamrudisha Zaina kwao.

Sijui kama Tanga wangemwokoa mtoto. Mapafu yakishadumaa, hata mabingwa hushindwa. Lakini mama angejua kwamba kosa si lake.

Leo mchana Zaina alikuja kunijulia hali, kutoka Soni, na kikapu cha mapeasi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu."

Alinimenyea moja, akalikata vipande vidogo kwa ajili ya meno yangu. Kisha akasema, "Wewe ulijitahidi, baba. Mimi ndiye niliyebeba majani."

Nikatafuna. Nikanyamaza. Hata leo!

Alipoondoka nililia, kisha nikampigia simu arudi kesho. Nayaandika haya hapa kwanza ili nisipate tena pa kujificha.

Siku ile nilipompima Zaina, mtoto tumboni alikuwa amegeuza mgongo juu, na kwa uchache wa maji picha ilikuwa kiza. Nilisogeza kipimo huku na huku. Nje foleni inakohoa, ndani Bi Mwanaidi anangoja kuona majigambo yangu. Ningeweza kusema nimeshindwa, nendeni Tanga.

Mshipa wa mapafu sikuupata. Namba zile nilizitunga.