Redio ya Baba na Viatu Vyangu

Kijiji cha Mbalibali

Shangazi Honoratha, shikamoo. Sisi wazima, na ulezi tumeshaanika.

Shangazi, nina hasira. Tangu Januari baba anasema Mungu amemwongoza tubane matumizi. Tukaacha sukari, nami nikavumilia viatu vilivyotoboka. Jana alirudi kutoka mjini Mugumu na redio mpya! Nikauliza kwa heshima. Akajibu, "Ghati, hii nayo Mungu ameniambia."

Mama, ambaye habishani naye kamwe, akaweka mwiko chini. "Baba Ghati, basi tunyamaze wote tumsikilize Mungu. Halafu ndipo tule."

Tukanyamaza mpaka ugali ukapoa. Baba akakohoa, akasema, "Nimesikia. Kesho nairudisha, ninunue viatu."

Leo ameirudisha kweli, na viatu nimepata. Lakini bado nina hasira: kwa nini Mungu asisikike mpaka ugali upoe?

Binti yako,
Ghati